Mkate wa Kilo Tatu Kwenye Siti ya Nyuma

Saa mbili asubuhi, Gerlinde Häfele anaufunga mkate wa kilo tatu katika blanketi la mtoto. Anaulaza kwenye siti ya nyuma ya sedani ya mwaka 1974, taratibu, kama vile unaweza kuamka.

"Mkate huo wa kula au wa kubatiza?" anacheka Matthis Kienzle, mwenye gari.

"Kaa mbele, mwanangu, unyamaze."

Kesho mke wa Matthis anatoka hospitali na mtoto wao wa kwanza. Matthis anataka kumleta bintiye nyumbani kwa sedani hii, iliyokuwa ya baba yake na iliyomleta yeye mwenyewe mwaka 1988, kapakatwa na mama yake. Nyuma haina mikanda. Nje ya karakana limeegeshwa gari lake jipya, lenye nguvu za farasi mia sita.

Gerlinde, 61, ni fundi wa magari katika kijiji hiki cha milima ya Alb, Ujerumani, tangu akiwa na miaka kumi na sita. Zamani alihudumia magari ya kale thelathini. Sasa yamebaki kumi na moja. Magari mapya huenda kwa mafundi wenye kompyuta. Sedani hii hulazwa karakanani kwake, na Matthis ameshamwambia: ukininyima funguo leo, sedani naiuza.

"Hili lina roho, Bi Gerlinde. Lile ni simu yenye magurudumu."

"Roho yake naijua, nimeishika kwa mikono hii. Twende."

Wanazunguka uwanja mtupu nyuma ya karakana. Injini inaunguruma kwa upole, siti zinabonyea kama kochi la bibi. Kwa mwendo wa kilomita thelathini tu, Gerlinde anakanyaga breki. Mkate unaruka, unagonga siti ya mbele, unaanguka sakafuni. Blanketi huku, mkate kule.

Matthis hacheki tena.

Wanahamia gari jipya. Safari hii mkate umefungwa kwenye kiti cha mtoto. Breki zinashika kwa nguvu zaidi, hata Matthis anatupwa mbele na mkanda wake unamrudisha. Mkate hausogei.

"Mama alinipakata tu," anasema Matthis, sauti imepungua. "Na nilifika."

"Ulifika kwa sababu siku ile hakuna paa aliyekatiza barabara. Basi."

Matthis anaokota blanketi, analikung'uta makombo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha anazitundika funguo za sedani msumarini, yeye mwenyewe.

"Kesho nitamleta mtoto kwa lile jipya," anasema. "Hili usimpe mtu."

Gerlinde anainua siti ya nyuma ya sedani kuonyesha matundu ya kufungia mikanda, yaliyotobolewa kiwandani na kusahauliwa miaka yote. Mikanda ameshaiagiza, itafika baada ya wiki tatu. Kisha mkaguzi wa magari atakuja kuithibitisha.

"Ubatizo ni Mei," anasema Gerlinde, huku akiukata mkate, kuupaka siagi na kuunyunyizia chumvi. "Siku hiyo nataka kumpeleka kanisani mimi, kwa gari la babu yake. Polepole."