Alirudisha simu 26 za wakimbizi, ya 27 akaiuza

Saa tatu asubuhi, katika kibanda cha fundi simu pembeni ya soko la Mwanga, mjini Kigoma, Luqman Mwinshehe anasugua tumbo la simu kwa mswaki mkuukuu aliouchovya kwenye spiriti. Simu ilidondoka ziwani wiki iliyopita. Mwenyewe, binti muuza dagaa aitwaye Ikram, amesimama mbele ya meza, mikono kiunoni.

“Siku ya nne hii. Niambie tu kama mgonjwa amekufa, nikatafute sanda.”

“Anapumua,” Luqman anamjibu bila kuinua kichwa. “Ila ananuka dagaa mpaka kwenye betri.”

Wateja wanacheka. Abeid, mwenye kibanda, anacheka zaidi, kwa sababu leo kibanda chake kimetembelewa na gazeti. Kabla ya hapo ameshaeleza mara mbili kwamba fundi wake ndiye yule kijana aliyerudisha simu za wakimbizi, na kwamba mtendaji wa kata humtaja kwenye mikutano kila anapolalamikia tabia za vijana.

Katikati ya kicheko hicho anafika mama mmoja ambaye hakuna anayemfahamu. Kitenge chake kimepauka na viatu vyake vya plastiki vina vumbi la safari. Anasubiri watu wanyamaze, kisha anafungua fundo la kitenge na kuweka mezani kipande cha boksi la biskuti, kidogo kuliko kiganja. Kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 14.

“Mwanangu, nimeambiwa wewe ndiye uliyerudisha zile simu za Kagunga,” anasema. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kirundi. “Hii ni yangu.”

Luqman anakitazama kipande kile. Mswaki umesimama mkononi.

“Ile iliibiwa, mama,” anasema. “Pole sana. Watu walikuwa wengi.”

“Oya,” mama anatikisa kichwa. Hapana. “Sikuja kudai simu. Nilitaka kuuliza kama ililia. Kabla ya kuibiwa, ililia?”

Luqman anarudi kwenye simu ya Ikram na kuanza kusugua mahali alipokwisha kusugua. “Sikumbuki.”

“Mama, si umesikia imeibiwa?” Abeid anaingilia, kwa upole. Mama anashukuru, anafunga kipande chake ndani ya fundo, anaondoka.

Mei 2015, Luqman akiwa na miaka ishirini na mmoja, alipakia jenereta ndogo ya kuazima kwenye boti kutoka Kibirizi na kwenda Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani na Burundi. Alikuwa amesikia kwamba watu wanashuka milimani kwa maelfu wakikimbia machafuko Burundi, na kwamba kila mmoja ana simu iliyozima na hakuna umeme.

Aliyoyakuta hayakufanana na aliyoyasikia. Ufukwe wote ulikuwa watu. Walilala juu ya mchanga, walipikia hapo, waliugulia hapo, na kipindupindu kilipoingia baadhi yao walifia hapo. Meli ilitia nanga mbali kidogo na ufukwe, na mitumbwi ikawapeleka kwa mafungu, wakachukuliwa hadi Kigoma mjini na kisha kambini Nyarugusu. Nani aondoke lini hakuna aliyejua. Jina likiitwa, mtu aliinuka na watoto wake, na kila kilichokuwa mbali na mkono wake kilibaki.

Luqman alichaji simu kwa shilingi mia tano. Alikata boksi la biskuti vipande, akaandika namba mara mbili, nusu moja akaifunga kwenye simu kwa mpira wa manati, nusu nyingine akampa mwenye simu. Kwa siku nzuri alipata elfu thelathini baada ya kutoa mafuta. Hakuwahi kushika kiasi kama hicho.

Wiki mbili baadaye ufukwe ulipoanza kupungua watu, alibaki na simu ishirini na saba ambazo wenyewe walishapandishwa melini.

Habari iliyoenea Ujiji na Mwanga ni ya simu ishirini na sita. Alizitia kwenye mfuko wa unga, akapanda basi hadi Kasulu, akaomba kuingia kambini, na kwa siku tatu akapita hema kwa hema akiita namba. Kuna mzee aliyembusu mikono. Kuna mama aliyempa maharage ya mgawo wake, na Luqman akayakataa. Yote hayo ni kweli.

Alipoulizwa habari ya namba 14 alisema iliibiwa. Alisema hivyo kwa mama yake mzazi, Mwanvua, na kwa mtendaji wa kata, na asubuhi ya leo akasema hivyo kwa mwenye simu mwenyewe.

Dakika tano baada ya mama yule kuondoka, Luqman anaweka mswaki chini. Anasimama, anakaa, anasimama tena. “Dogo, vipi?” Abeid anamwuliza. Anatoka kwa haraka, bisibisi mkononi, na kumpata mama kwenye benchi nje ya duka la fundi cherehani, akipumzika kivulini.

“Mama, haikuibiwa,” anasema akiwa amesimama. “Niliiuza.”

Mama anamtazama. Jina lake ni Skolastika. Alipata kibali cha siku tatu kutoka kambini ili aje kutazamwa macho hospitalini, na siku moja ya kibali hicho ameitumia kumtafuta yeye.

“Ililia?” anauliza.

“Ililia. Mara tatu.”

“Ukafanya nini?”

“Niliiacha ilie. Halafu ukaingia ujumbe, nikausoma.” Mama yake Luqman ni Muha wa Mwamgongo, na anayejua Kiha hashindwi Kirundi. “Ulisema: Mama, bibi hawezi kutembea. Tunarudi kwa mjomba Gervasi. Msitungoje.”

Fundi cherehani amesimamisha mashine yake. Skolastika hapigi kelele. Anauliza siku gani.

“Jumanne, baada ya alasiri. Nakumbuka kwa kuwa ndiyo siku ilipofika boti ya dawa.”

Anaanza kuhesabu kwa vidole. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Jumanne. Anarudia kutoka mwanzo, kana kwamba safari ya kwanza alikosea.

Mwanawe wa kwanza, Anatoli, alikuwa na miaka kumi na saba. Mama alipokimbia na wasichana wawili wadogo, Anatoli alibaki ili aje na bibi yake polepole, na walipatana kwamba atapiga simu akikaribia mpaka. Namba zote za ndugu zilikuwa ndani ya simu ile. Jumapili jina la Skolastika likaitwa, akapanda meli, kipande cha boksi kikiwa kwenye fundo. Kambini akaugua, akalazwa, ndiyo maana Luqman alipopita akiita namba hakuwepo wa kuitika. Kisha jirani akamletea habari kwamba Anatoli alikutwa na watu wenye silaha barabarani siku ya Jumamosi na kwamba hakupona.

“Tumeshamlilia,” anasema. “Dada zake nimewanyoa nywele. Karibu miaka miwili sasa sijamtafuta, kwa sababu maiti haitafutwi kwa simu.” Anatazama kidole cha nne. “Na Jumanne alikuwa ananiandikia.”

Luqman anakaa chini, si kwenye benchi, bali ardhini, mgongo ukiegemea ukuta.

“Simu ulimwuzia nani?” Skolastika anauliza.

“Mtu mzima mmoja mwenye duka. Hakuniuliza ya nani. Alinipa elfu ishirini na tano, nikatoa laini nikaitupa ziwani.”

Mwenye duka huyo hakuwa peke yake. Wakati ule wengi wetu wa Kigoma tulinunua vitu vya watu waliokuwa wakikimbia: mbuzi kwa bei ya kuku, baiskeli kwa bei ya tairi, kitenge kwa chupa mbili za maji. Tulisema tunawasaidia. Sasa tunaitisha mikutano ya kuzungumzia maadili ya vijana, na tunaketi viti vya mbele.

Luqman mwenyewe hatafuti mwanya huo. Jioni, nyumbani kwao Ujiji, anapoulizwa kama ni shida iliyomsukuma, anatikisa kichwa. “Sikuwa na njaa. Ningesema nilikuwa na njaa mngenihurumia. Nilikuwa na hela mfukoni. Nilinunua raba nyeupe.”

Na zile ishirini na sita?

“Nilizirudisha kwa sababu ya ile moja. Nilidhani nikirudisha nyingi haitaonekana.” Anakuna kiganja chake. “Halafu watu wakaanza kunisifu, na kila sifa ikawa inafunga mlango. Ningesemaje tena?”

Mama yake, Mwanvua, amekaa mlangoni na sinia la mchele. Amesikia habari hii kwa mara ya kwanza adhuhuri ya leo, kutoka kinywani mwa mwanawe. “Raba zile niliziosha mimi,” anasema. “Kila Ijumaa, aende nazo msikitini.” Anaanza kuchambua mchele, na kwa muda mrefu hamwangalii.

Pale kwenye benchi, Skolastika hakuomba fidia. Aliomba jambo moja. Kambini kuna ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana, na alijua kwamba wakimwona mama aliyekwisha kulia msiba anarudi kusema mtoto yu hai, watadhani ni uchungu unaosema. “Njoo wewe uwaambie. Uandike siku, na maneno. Kwa mkono wako. Alhamisi, saa nne.”

“Nitakuja,” Luqman alisema.

“Watu wa huku husema nitakuja,” alijibu, akainuka kwenda zake hospitali.

Ahadi hiyo ilianza kuuma siku hiyohiyo. Kuingia kambini kulihitaji barua ya mtendaji, na mtendaji alitaka kujua sababu. Alipoisikia aliandika barua, akagonga muhuri, akamwambia asije tena kwenye mkutano wa vijana wa mwezi ujao, watamtafuta mtu mwingine wa kuzungumza.

Abeid ndiye aliyekuwa mgumu zaidi, na si mtu mbaya. Jumatano jioni, akifunga kibanda, alimwita pembeni.

“Umemwambia mama wa watu, umefanya vizuri. Imetosha. Lakini karatasi usisaini. Karatasi inasafiri.”

“Nimeshamwahidi, kaka Abeid.”

“Sikiliza, dogo. Mtu akileta simu hapa analeta picha za mkewe, hela zake, siri zake. Anamwachia nani? Anakuachia wewe. Ukiandika kwa mkono wako kwamba uliuza simu ya mteja na kusoma ujumbe wake, mimi nitamwambia nini?”

“Mwambie ni kweli.”

“Basi ukisaini usirudi kwenye meza yangu. Na sikufukuzi kwa hasira, nakuomba unielewe.”

Meza hiyo humpa Luqman kama shilingi elfu nane kwa siku. Ndiyo inayolipa kodi ya vyumba viwili, na ndiyo inayomweka shule mdogo wake Nasra, aliye kidato cha pili. Usiku huo Nasra alimwuliza kama atarudi kwenye kibanda Ijumaa. Akamwambia hajui.

Alhamisi, saa nne kasoro dakika kumi, Luqman anashuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya kutafuta ndugu, kambini Nyarugusu. Amevaa kandambili. Nje kuna benchi refu lenye watu saba, na wa mwisho ni Skolastika pamoja na binti zake wawili. Luqman anamwamkia, “Shikamoo, mama.” Anaitikia kwa kichwa.

Ndani, mtumishi wa ofisi, Frida, anasoma fomu polepole. Anawaonya kwamba ujumbe wa miaka miwili iliyopita hauthibitishi kwamba mtu yu hai leo. Unaonyesha tu kwamba siku ile alikuwa hai, na alikuwa anaelekea wapi. “Lakini jina la mjomba ni kitu,” anasema. “Tulikuwa hatuna hata pa kuanzia.” Skolastika anataja kijiji cha kaka yake Gervasi, karibu na Rumonge. Frida anaandika.

Kisha anamgeuzia Luqman karatasi. “Hapa unaeleza ulipataje kuusoma ujumbe huo. Unaweza kuandika kwamba simu ilikuwa chini ya uangalizi wako. Inatosha.”

Luqman anashika kalamu. Anaandika kwa herufi kubwa, kama anayeandika kwenye boksi, kwamba alichukua simu ya mteja, akaiuza, akaitupa laini yake ziwani, na kwamba kabla ya hapo alisoma ujumbe wa mtoto akasikia simu ikilia mara tatu. Anaandika tarehe. Anaandika maneno ya Kirundi jinsi anavyoyakumbuka. Anasaini jina lake lote na la baba yake.

Anapoulizwa atafanya nini sasa, anasema atamwomba mama yake ruhusa ya kuweka meza barazani, atengeneze simu za mtaani, kwa anayetaka. Na atarudi hapa kila mwezi kuuliza, mpaka jibu lije, liwe lolote.

Frida anasema inabidi wasubiri nje, nakala ipigwe muhuri. Kwenye benchi hakuna nafasi. Luqman anasimama kando, mikono nyuma, akitazama vumbi.

Skolastika anamwambia bintiye mdogo neno kwa Kirundi. Mtoto anapanda mapajani mwake. Mama anasogea kidogo, kisha anatazama mbele, hadi Luqman anapokaa.