Mashavu Anyoosha Mgongo wa Mjomba

Pale Mtunda, enzi za Mwingereza, Mzee Mshamu ndiye aliyekuwa akinyoosha migongo ya watu. Wakata mikoko walimjia kutoka visiwa vya mlangoni mwa mto, wamepinda kwa kubeba boriti, wakarudi kwao wima. Mashavu, mtoto wa dada yake, alianza kumchotea maji tangu mdogo, na jicho lake halikubanduka kwenye vidole vya mjomba. Alipoolewa akaomba afundishwe. Mjomba akamjibu kwa upole kuwa kazi ile inataka nguvu za kiume.

Mashavu hakununa. Alianza na mgongo wa mama yake, kisha wa mama mkwe, kisha wa majirani waliochoka kutwanga. Aliwapaka mafuta ya ufuta akahesabu pingili moja moja, mpaka akaweza kujua, macho kafumba, ipi imekaza na ipi imelegea.

Mwaka mmoja mpunga ulipokuwa unaiva, alimpelekea mjomba wali bondeni. Mzee alikuwa juu ya dungu lake, kibanda cha miti mirefu, akiwinga ndege. Mashavu aliita, asiitikiwe. Alipopanda ngazi alimkuta kalala kifudifudi. Mzee alikuwa ameinama kuokota kikapu, kiuno kikamkamata. Tangu asubuhi hakuweza hata kugeuka.

Mzee akaanza kutoa amri: abonyeze hapa, juu ya kiuno, kwa nguvu. Mashavu akapapasa taratibu.

"Mjomba, hapo hapana kitu. Ni huku chini, kushoto."

"Mganga nani kati yetu?"

"Leo si huyu aliyelala."

Mashavu akamlaza ubavu, akamkunja goti, akangoja ashushe pumzi, ndipo akasukuma. Kiuno kikalia *ka*. Mzee akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka dungu likatikisika. Alishuka ngazi mwenyewe, wakala ule wali chini.

Mwingine angeificha habari hiyo. Yeye Ijumaa ile, watu walipotoka msikitini, aliisimulia mwenyewe, akieleza alivyokunjwa kama mkeka, na wanaume wakacheka naye. Tangu hapo akamfundisha Mashavu yote yaliyobaki, hasa migongo ya kutoguswa: mtu akianguka mnazini na miguu ikafa ganzi, asibonyezwe, apelekwe hospitali kwa machela. Wakija wanaume, mzee aliketi pembeni akizungumza nao, Mashavu akifanya kazi.

Ndivyo alivyofika Bashiru, mkata mikoko wa Mbwera, akiwa amebebwa kitandani. Siku ya nne aliondoka kwa miguu yake. Baada ya majuma matatu akarudi na kapu la kamba wakavu, nyuma yake mkewe, Mwanaamina.

Mashavu aliwakaribisha, akamuuliza Bashiru kama mgongo umeanza kumuuma tena.

"Mimi mzima, bibie. Nimemleta huyu. Nilipolala, kuni na maji yote yalikuwa kichwani kwake, na hakusema neno. Juzi nimemwona anainuka kwa kushika ukuta."

Mwanaamina alitazama chini, akitabasamu kwa haya. Mashavu alimshika mkono akamwingiza ndani, akamtandikia mkeka. Bashiru na Mzee Mshamu walibaki barazani, na haukupita muda wakasikia wanawake wawili wakicheka.