Olraiti ya Baba Yangu

Juzi lori la unga lilisimama nyuma ya jiko la shule, injini ikaachwa inanguruma, na harufu ya dizeli ikatukuta tunaosha masufuria. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nikavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa pilau ya jirani, wakanicheka. Nikawaacha, maana kila siku mchekeshaji ni mimi, na siku mojamoja ni haki yao. Hawakujua kwamba harufu ile, ukiitia tumbaku kavu na jasho kidogo, ni baba yangu kamili anarudi nyumbani.

Nyie nitawaambia. Wale wa masufuria wangelitangazia bweni zima kabla ya kengele ya kulala.

Baba alikuwa utingo kwenye lori la tajiri mmoja wa Majengo, pale Mpanda. Dereva alikuwa Maganga, ambaye nilimwita baba mdogo ingawa undugu wetu ulikuwa wa vumbi la barabara tu. Walibeba mizigo ya Katumba, wakati ule wakimbizi wa Kirundi ndio kwanza wameletwa na msitu bado unafyekwa. Baba hakupita shule. Kizungu alikuwa na neno moja, olraiti, akaishi nalo kama mtu mwenye suruali moja: ya kazini hiyohiyo, ya kanisani hiyohiyo.

Gari lilikuwa haliondoki mpaka atoe neno lake. Mzigo ukishakaa, alikagua kamba, akachomoa gogo kwenye tairi, akapiga bodi kwa kiganja, pa, pa, kisha akalivuta: "Olraaaiti." Hapo Maganga anaondoa gari, na baba anakimbia nyuma yake, anadaka kamba, anajirusha juu. Siku zote alikuwa wa mwisho kupanda. Maganga hakugeuka kutazama hata mara moja. Alikuwa akisema shingo yake ameiazimisha kwa baba.

Nyumbani neno lilifanya kazi nyingine. Likitoka fupi mlangoni, chakula kiletwe. Likipitia puani, amesikia ila hakubali. Siku ya ubatizo wa mdogo wangu padri alimuuliza kama anamkataa shetani, baba akajibu olraiti, padri akatafakari kidogo, akaendelea kumwaga maji. Kule Katumba ndiyo usiseme. Wao Kiswahili kilikuwa hakijawakaa, yeye Kirundi hakijui, basi walimalizana kwa hilohilo: gunia limefika, olraiti, mtoto ana homa, apandishwe mbele kwa dereva, olraiti. Vibibi vya kule vikawa vinamwamkia hivyo kutoka mbali, vikiwa na majembe begani.

Mama alilichukia. "Kizungu chako kishukie kwenye lori hukohuko," alikuwa akisema, "kisivuke mlango wangu." Na baba alimjibu. Mnajua alivyomjibu.

Masika moja gari liliteleza kwenye mteremko njia ya Katumba. Baba akaruka chini kuweka gogo, magunia yakakatika kamba na kumwangukia mbavuni. Maganga alitaka ampeleke hospitali palepale. Baba akajikung'uta tope, akapiga bodi, safari ikaendelea. Jioni ile akalalia upande mmoja, mama akimkanda kwa maji ya moto.

"Wapi panauma?"

"Olraiti, Mama Kalunde."

"Sikuulizi gari. Nakuuliza wewe."

"Na mimi olraiti."

"Haya, kohoa nikuone."

Hakukohoa. Alicheka kwa mdomo tu, kifua hakikushiriki. Mama akaweka kitambaa kwenye beseni na kuangalia ukuta. Mimi Kalunde nilikuwa darasa la pili, nikaona mama anapenda ugomvi. Mtu amesema mzima, mwache awe mzima.

Kesho yake baba akavaa viatu vya kazi. Mama alikuwa ameshamwendea Maganga alfajiri, nikamwona Maganga amesimama uani, kofia mkononi.

"Kaka, wewe unajua gari haliondoki bila wewe," alisema. "Leo haliondoki hata na wewe. Twende kwa daktari."

Baba alimtazama mama, akamtazama Maganga, akajua amezungukwa. Wakampandisha mbele. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa kabini, nikampungia kama ninavyompungia tajiri. Akatoa mkono dirishani, akagonga mlango kwa vidole, polepole. "Olraiti, mama," akaniambia, maana mimi nina jina la mama yake.

Alikaa hospitali siku chache. Alirudi amelazwa kwenye bodi, ndani ya sanduku la mninga.

Kwao ni Kabungu, na mazishi yalikuwa huko. Lori lilelile lilisogezwa mbele ya nyumba. Wanawake wakapanda na kukaa juu ya mikeka kuzunguka jeneza, mimi nikabanwa katikati ya shangazi wawili, mama akakaa upande wa kichwa. Wanaume wakasimama kandokando. Wimbo ukaanzishwa. Maganga akawasha injini.

Gari halikuondoka.

Wimbo ukaisha, ukaanzishwa mwingine. Injini inanguruma, dizeli inapanda. Baba mkubwa akainama dirishani.

"Maganga, gari bovu?"

"Gari ni zima."

"Watu wanatungoja Kabungu. Tatizo nini sasa?"

Maganga alikuwa anatazama mbele, mikono kwenye usukani. "Sijaambiwa," akasema.

Watu wakatazamana. Kijana mmoja wa pale Majengo akainua mkono apige bodi, halafu akaushusha, akaufuta kwenye shati. Ndipo mama akainuka. Alishika ubao wa bodi, akaegemea nje, akapiga kwa kiganja, pa, pa.

"Olraiti," akasema.

Hakulivuta. Lilitoka limevunjika katikati. Lori likaondoka taratibu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alituandikisha kwamba neno hilo maana yake ni sawa, vizuri. Niliandika hivyohivyo kwenye mtihani nikapewa alama yangu, sikutaka mabishano. Lakini nimekuja kuelewa kwamba baba alilisema zaidi pale ambapo hapakuwa na sawa yoyote, ila gari lazima liende. Mama alilijua hilo toka mwanzo, ndiyo maana hakulitaka ndani ya nyumba yake. Siku ile akalisema yeye, kwa sababu hiyohiyo, na sijamsikia tena akilisema.

Mimi wakati ule nilijua jambo moja tu kuhusu neno lile. Likishasemwa, mtu anakuja mbio. Basi nikawaponyoka mashangazi, nikageukia nyuma kwenye kamba, nikasogea kidogo ili baba apate pa kukanyaga.