Mashine Upande Huu, Mihogo Ng'ambo

Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa huku mjini Kabondo, na shirika moja dogo lilizoea kuniita kuwatafsiria wageni wake. Siku hiyo tulikwenda njia ya Masako, kwa akina mama wanaolima mihogo. Shirika lilikuwa limewapa mashine ya kusagia, na mgeni wetu, mama mmoja mfadhili kutoka Ulaya, alikuja kuona imewafaa vipi kabla ya kutoa nyingine. Kiswahili hakujua hata neno.

Ndani ya gari mkuu wa shirika aliniinamia.

“Mama mwalimu, leo utafsiri muzuri. Maneno ya kulalamika, tuache. Unasikia?”

“Nasikia, papa.”

Nilisikia kweli. Nilikuwa na watoto wanne, na kazi hiyo ya kutafsiri ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Tulikuta mashine imepanguswa ikang'aa, akina mama wakiimba. Mgeni akauliza imebadilisha nini katika maisha yao. Nikatafsiri. Nyimbo zikakatika, wakaanza kutazamana. Mwishowe mjane mmoja akasimama, akiegemea fimbo.

“Mashini iko muzuri,” alisema. “Lakini itasaga nini? Mashamba yetu iko ngambo ya mutoni, na kilalo kilivunjika. Tunavukia juu ya muti moja. Mimi nilianguka pale na muzigo ya mihogo, mguu ikavunjika. Mihogo inaoza kule. Umuambie huyu mama asilete mashini ingine. Atupatie mbao na misumari ya kubwa. Mikono tuko nayo.”

Mkuu alikohoa. Alijua lugha zote mbili, na macho yake hayakubanduka kwangu.

“Anasema mashine ni nzuri,” nikamwambia mgeni kwa Kifaransa, nikaishia hapo.

Mkuu akaitikia kwa kichwa. Lakini mjane hakukaa.

“Mama, mimi nimesema mingi. Mbona kwako imekuwa mafupi hivi?”

Wenzake wakanigeukia wote. Niliona aibu. Nikaanza upya, nikasema yote: mto, daraja lililovunjika, mti, mguu, mihogo inayooza, mbao.

“Mkalimani amechanganya,” mkuu alidakia kwa Kifaransa.

Mgeni alifunga daftari lake. “Hilo daraja liko wapi?”

Tulishuka hadi mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yalikuwa mekundu na yanakwenda kasi. Mgeni akavua viatu, akakanyaga ule mti kabla hatujamzuia. Alipofika katikati, mti ukabingirika kidogo. Akapiga magoti, akaukumbatia.

“Asitazame maji!” mjane akapiga kelele. “Umuambie asitazame maji!”

Nilitafsiri kwa sauti kubwa. Mkuu mwenyewe aliingia majini hadi kiunoni, suruali yake nzuri na yote, akamshika mkono, akamrudisha polepole. Mgeni alikaa kwenye matope akihema. Alipopata pumzi aliuliza nani angejenga daraja kama mbao zingepatikana.

“Sisi na wanaume ya hapa,” mjane alijibu.

Tulirudi mjini. Shirika halikuniita tena. Nilianza kuuza kwanga, ile mikate ya mihogo ya kufungwa majanini, mbele ya nyumba baada ya shule, na kwa miezi kadhaa nilijilaumu kila nilipowagawia watoto chakula kidogo.

Msimu wa mvua ulipokwisha, nilisikia mbao kutoka kwa yule mgeni zimefika. Nilikodi toleka, baiskeli ya kubeba abiria, nikaenda kuona. Wanaume walikuwa majini wakisimamisha nguzo, wanawake wakibeba mbao, mjane akiwa amekaa kwenye jiwe akiwagombeza wanaopigilia misumari kombo.

Sasa nanunua mihogo yangu ya kwanga kwao. Mwaka jana niliona ubao mmoja mpya katikati ya daraja, nikauliza ni shirika gani limeuleta.

“Shirika?” mama mmoja alicheka, kapu la mihogo likiwa mgongoni. “Ile ya zamani ilioza, tukabadilisha. Pita, mama, watu wanangoja nyuma yako.”