Kifurushi cha Baba Kilichobaki Mezani

Siku ile naikumbuka vizuri, Nekesa mwanangu, kuliko hata siku niliyokuzaa, na usininunie kwa kusema hivyo. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimevaa viatu vipya vinavyonibana, nimesimama kwenye foleni ya kukaguliwa mizigo pale uwanja wa ndege Embakasi, nikienda India kusomea ufamasia. Pale mezani nikaacha kitu ambacho nimekikosa maisha yangu yote. Leo nimepita chumbani nikaona mkoba wako uko wazi kitandani, na wiki ijayo utakuwa kwenye foleni kama ile, ukienda kazini ng'ambo. Nikaona nikuandikie kabla hujafunga zipu.

Babu yako hukuwahi kumwona. Alikuwa karani wa ofisi ya vifurushi kwenye reli, na tulikaa Ziwani, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo kila kitu kilikuwa na mahali pake na ole wako ukikisogeza. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mzigo wa mtu unatoka Nairobi na kufika Bungoma, au Kisumu, au Mombasa, kama ulivyotoka mkononi mwa mwenyewe. Alivishona vifurushi kwa gunia na sindano kubwa, kisha akaudondoshea mshono lakiri, ile nta nyekundu inayoyeyushwa kwa moto, na kuigandamiza mhuri ikiwa bado laini. Lakiri ikishakauka, hakuna wa kufungua njiani. Anayefungua ni yule aliyeandikiwa, akishafika. Hiyo ndiyo sheria aliyokula nayo mkate miaka yote, na akaileta mpaka nyumbani. Hata unga wa wimbi tuliotumiwa na nyanya kutoka kijijini, hakuna aliyegusa fundo kabla yake.

Hakuwa mtu wa maneno. Watu wa kanisani walimwita mpole, lakini mimi niliyeishi naye najua kwamba maneno yalimkwama. Aliniita "mama," kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na mara nyingi neno hilo moja ndilo lililokuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Nikirudi kutoka shuleni alisema, "Mama." Nami nilijibu, "Baba." Basi, imekwisha, kila mtu na shughuli zake.

Barua ya chuo ilipokuja, nilimwona akianza kuandika. Alinunua daftari kubwa la jalada gumu, na kila jioni akitoka kazini alikaa mezani akaandika huku ameziba ukurasa kwa mkono, kama mwanafunzi anayeogopa jirani asimwibie majibu. Nilimcheka. Nilimwambia mama yangu kwamba mzee anaandika mapenzi. Mama naye hakujua ni nini, ila aliniambia niache kelele.

Asubuhi ya safari nikakuta kifurushi kimekwisha kushonwa. Ndani, aliniambia, kuna Biblia yake ya Kiluhya, kamusi yangu, vitabu viwili vya kemia, vyeti vya nyanya vya kanisa, na lile daftari. Amevibana pamoja, akavizungushia magazeti, akavishona kwa gunia jipya, na juu ya mshono kuna matone matatu ya lakiri. Mhuri wa ofisi hakuthubutu kuutumia kwa mambo ya nyumbani, kwa hiyo aliigandamiza kwa kifungo cha koti lake la kazi. Akanipa kwa mikono miwili.

"Kuna majina ya watu wetu wote humo, na wapi wamezikwa," akasema. "Na kuna ukurasa wako. Usifungue mpaka ufike."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi aliyowahi kunitolea, mwanangu. Nikaitika, nikaahidi.

Wewe utasindikizwa na mimi na shangazi yako, labda na rafiki zako wawili wa kupiga picha. Mimi nilisindikizwa na kanisa zima. Wakati ule mtu mmoja akipanda ndege ilikuwa mtaa umepanda ndege. Tulijaa kwenye gari la kanisa, tukaenda na ngoma, akina mama wamejifunga vitambaa vyeupe kichwani, wakaimba pale nje mpaka askari akaja kuwaomba wapunguze. Ningepaswa kufurahi. Lakini mimi nilikuwa nimewaona wasichana wengine wa safari ile wakishuka kwenye magari madogo, wametulia, mikoba yao ya magurudumu ikiwafuata, na nikaanza kuona haya. Nilipoagana na baba nilimkumbatia harakaharaka ili niingie ndani. Siku hizo wasindikizaji waliruhusiwa kupanda kwenye roshani ya juu kutazama ndege ikiruka, naye akaniambia atakuwa pale, nitafute kofia yake.

Sasa sikiliza jambo la vitabu, maana watu wengi hawalijui. Kwenye ile mashine ya kukagulia, nguo zinapita bila neno. Vitabu vikibanwa pamoja vinakuwa kitu kimoja kizito cheusi, na anayetazama kioo haoni ndani wala nyuma yake. Mkanda ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukaenda mbele, ukasimama tena. Mama mmoja wa ukaguzi, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akalitoa gunia la baba kwenye mkoba wangu na kuliweka mezani mbele ya watu.

"Hii ni nini umefunga hivi?" akauliza.

"Ni vitabu."

"Sawa. Lakini siwezi kukupitisha nayo bila kuona. Itabidi tukate uzi."

Nyuma yangu kijana mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Kwani anaenda kuuza mahindi?" Watu wakacheka. Hawakucheka sana, mwanangu. Walicheka kama watu wa foleni wanavyocheka, wakasahau papo hapo. Lakini mimi masikio yaliniwaka moto. Nikaliona gunia lile kwa macho yao, mishono mikubwa, kifungo cha koti kimechorwa kwenye nta. Nikawaza likikatwa yatamwagika magazeti, na Biblia iliyopasuka mgongo, na maandishi ya baba ya mwandiko wa karani. Nikajiambia pia kwamba nimeahidi kutofungua, na hilo nililishika kama sababu nzuri, ingawa moyoni nilijua kilichonisumbua ni kile kicheko.

Yule mama alinitazama. Lazima aliona haya yangu. Akasema, "Kama hutaki tukate, una watu nje? Naweza kuita mmoja wao aje achukue."

Fikiria hapo. Baba alikuwa juu kwenye roshani, hatua chache tu. Angeitwa angeshuka. Lakini angeona kifurushi chake kimekataliwa, na angejua kwamba binti yake hakukitetea. Sikutaka aone. Nikasema, "Kiacheni tu. Si kitu. Ni makaratasi."

Akaniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akakisogeza pembeni ya meza, nami nikafunga mkoba wangu uliokuwa mwepesi ghafla, nikaenda. Ndani ya ndege nilikaa upande wa dirisha. Niliiona kofia. Aliipunga mpaka tukageuka.

Barua yake ya kwanza ilifika kabla sijamaliza mwezi. Aliuliza mambo mawili tu: kama lakiri ilifika nzima, na kama nimeusoma ukurasa wangu. Nilikaa na barua ile siku tatu. Kisha nikamjibu kwamba lakiri ilifika nzima, ukurasa nimeusoma, nimeuelewa, na nimelia. Hilo la kulia peke yake ndilo lililokuwa kweli.

Alinijibu haraka. Barua ile ninayo, iko kwenye ile bahasha ya kaki unayoniona nayo. Aliandika: "Mama, basi nimetua mzigo. Mdomo wangu usingeweza kuyasema hayo. Kwa kuwa umeyasoma, sitayarudia."

Na kweli hakuyarudia. Nilirudi baada ya miaka minne nikamkuta amestaafu, mvi zimemjaa, na kwa miaka miwili tulikaa pamoja Ziwani pale barazani, kila Jumapili baada ya kanisa, yeye na chai yake, mimi na yangu. Nilikuwa na muda. Hilo ndilo linaloniuma, Nekesa. Ningekuwa nimemkuta kaburini ningesema ni bahati mbaya. Nilimkuta kwenye kiti. Alikuwa akinitazama kama mtu mnayejuana siri, kisha siku moja akauliza, "Yale niliyokuandikia, unayafuata?"

Nikasema, "Nayafuata, baba."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akanywa chai. Mimi sikujua nafuata nini. Hata nilipoolewa, hata nilipofungua duka la dawa hapa Pipeline, nilikuwa najiuliza kama ndilo alilotaka au ndilo alilonikataza. Nikaomba Mungu kwamba kama nimekosea nimekosea kidogo.

Wakati wa kurudi nilikuwa nimepitia pale uwanjani, nikauliza ofisi ya vitu vilivyosahauliwa. Kijana aliyekuwepo aliniuliza ni lini. Nilipomwambia, alinionea huruma, akaniambia vitu havikai muda mrefu hivyo. Nilijua. Nilitaka tu mtu mwingine aseme.

Baba alifariki usingizini, mwezi wa Agosti, tukampeleka kumzika nyumbani. Kule kaburini wazee wakataka kusoma majina ya waliomtangulia, baba wa baba yake na baba wa huyo, wakanigeukia mimi niliyesoma, kwa sababu alikuwa amewaambia kwamba majina yote anayo mama. Nilisimama pale na mikono mitupu. Mzee mmoja akayataja aliyoyakumbuka, akafika kwa babu wa tatu, akanyamaza.

Usiku wa matanga ulipokwisha na watu wakaondoka, nilimweleza mama yangu kila kitu. Nilidhani atanipigia kelele. Alikuwa akichambua mboga, na hakuacha kuchambua. Akasema, "Ungemwambia tu. Angeandika tena. Kalamu alikuwa nayo."

Nimekaripiwa na wengi maishani, mwanangu, na walimu, na mume, na wakubwa wa hospitali. Hakuna aliyenikaripia kama mama yangu siku ile, na hakupandisha sauti. Alikuwa sahihi. Gunia lilipotea kwa dakika moja ya haya, na kosa la msichana wa miaka ishirini na mmoja husameheka. Maneno ya baba niliyapoteza polepole, kwa miaka sita, kila aliponiuliza nikasema nimesoma. Nina hamu na baba yangu hadi leo. Nikisikia harufu ya nta, hata ya mshumaa stima ikipotea, nakaa chini kidogo.

Sasa wewe. Jana uliniambia, "Mathe, hizo makaratasi si nipige tu picha na simu?" Piga. Simu ni kitu kizuri. Lakini chukua na makaratasi yenyewe. Usiyabane chini ya nguo. Vyeti na barua ya kazi viwe kwenye bahasha ya mkononi, visiingie kwenye mzigo mkubwa. Vitabu vipange kimoja kimoja vikiwa vimelala, na ukifika kwenye mashine vitoe mwenyewe kabla hujaambiwa, uviweke kwenye trei peke yavyo, waone. Mkaguzi akitaka kufungua, afungue. Yuko kazini kama babu yako alivyokuwa kazini. Na mtu akicheka nyuma yako, mwache acheke, atafika kwake na wewe utafika kwako.

Usiseme kamwe kuhusu kitu cha watu wako kwamba si kitu. Na ukipoteza nilichokupa, piga simu siku hiyo hiyo uniambie, "Mama, nimepoteza." Nitakusema maneno mawili matatu, unanijua, kisha nitaandika tena. Usinifiche ili nisiumie. Baba yangu hakuumia hata siku moja, na ona nilivyobaki.

Ukurasa wako ndio huu. Sikuushona, wala sikuupiga lakiri. Usome leo, hapa sebuleni, mimi nikiwa jikoni, na kama kuna mahali hujaelewa njoo uniulize kabla sufuria haijashuka motoni. Majina ya watu wetu nimeyaandika nyuma, mpaka kwa yule wa tatu. Hapo nimeacha nafasi.

Nenda, mwanangu, na Mungu aliyemlinda babu yako kwenye roshani mpaka ndege ikapotea akulinde na wewe. Mikono itakayoufungua mkoba wako iwe ya upole. Ufike mzima, ule, ulale, ufanye kazi yako bila kuonewa, na utakaporudi unikute kwenye kiti, tuulizane tusiyoyajua.