Furu Aliyebeba Wanawe Mdomoni

Kabla sijaanza kuwatazama furu, kazi yangu ilikuwa kuwakamua mashavu. Furu ni samaki mdogo, urefu wake haufiki kiganja, na huku Jinja wengi humwita nkejje. Kule Masese wanawake huwatunga kwenye vijiti na kuwakausha kwa moshi. Lakini baadhi yao hutoka ziwani midomo imejaa vifaranga vidogo kama punje za ulezi, na vifaranga hivyo huoza kabla ya nyama kukauka. Kwa hiyo lazima mtu mmoja akae kwenye beseni, amshike kila samaki, abonyeze shavu kwa kidole gumba, vitoto vimwagike chini kwa bata. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa miezi mitatu.

"Huyu anakula watoto ya wenzake," alisema mama aliyenifundisha kazi, akinionyesha mdomo uliojaa. "Mulafi sana. Kamua, bwana, atapike."

Nilimwamini. Ila niliendelea kumuuliza: kama anawala, mbona wote wako hai? Mama akasema maswali hayakaushi samaki.

Nilikuwa nimeacha shule mapema, kwetu Nabuyonga, Mbale, si kwa sababu ya ukorofi. Nilichoka tu kukaa mahali pamoja. Nilipakia vitunguu kwenye malori, na madereva wa Kenya wakanifundisha Kiswahili. Nikashuka Jinja siku moja nikitaka kuona mahali mto unapotoka ziwani, nikabaki. Basi alipofika mwaloni kwetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Kenya, dada mwembamba mwenye kofia pana, akitafuta mtu anayewajua furu na anayezungumza Kiswahili, wanawake walinisukuma mbele.

"Chukua huyu, madam," wakasema huku wakicheka. "Huyu hata akienda choo anauliza nzi alitoka wapi."

Dada huyo alikuwa amejenga vizimba vitatu vya wavu laini kwenye maji mafupi, katikati ya mawe, mbali kidogo na mitumbwi. Kila kizimba kilikuwa na dume mmoja na majike wachache. Kazi yetu ilikuwa kukaa juu ya jiwe, kutazama na kuandika. Asubuhi ya kwanza niliona dume akijipaka rangi. Sina namna nyingine ya kusema. Alikuwa wa kijivu, kisha jike alipokaribia akawa buluu kama mwali wa jiko la gesi. Akachimba shimo mchangani kwa mdomo, akalizunguka akitetemeka. Jike akataga mayai machache, akageuka haraka akayaokota yote mdomoni. Hapo dume akalaza pezi lake la chini karibu na mkia, na kwenye pezi hilo nikaona madoa ya manjano, mviringo, ukubwa uleule wa mayai.

"Tazama sasa," dada alinong'ona.

Jike aliyafuata yale madoa akidhani amesahau mayai. Akayadonoa. Alipofungua mdomo, mbegu za dume zikaingia, na mayai yakarutubishwa humohumo mdomoni.

"Nani aliyachora?" niliuliza.

"Hakuna aliyechora, kaka. Zamani sana labda alikuwepo dume mwenye doa hafifu. Majike wakalidonoa zaidi kuliko pezi tupu, akapata watoto wengi kidogo kuliko wenzake. Watoto wakarithi doa. Kati yao, mwenye doa lililofanana zaidi na yai akapata wengi zaidi. Rudia hivyo mpaka uchoke, halafu rudia tena."

Ziwa nililokuwa nikilitazama kama beseni kubwa la mboga lilikuwa limeshughulika na kazi hiyo tangu kabla hapajawa na mtu wa kuuliza.

Na yule mlafi wetu? Alikuwa mama. Hali chochote. Analea wanawe mdomoni siku nyingi, anakonda mpaka kichwa kinamzidi mwili. Nilifikiria bata wa Masese wanavyonenepa, nikaona aibu.

Dada alihitaji kitu kimoja: mama mmoja aliyetazamwa tangu kutaga hadi kuachilia wanawe, bila kuguswa kwa mkono wala kutolewa majini. Bila huyo, alisema, safari yake yote ni mapambo. Kibali chake kilikuwa kinaisha wiki hiyo. Mama wa kizimba cha kwanza alimeza mayai yake siku ya tatu. Wa pili aliyatema baada ya mvua kubwa. Alibaki mmoja, mwenye kovu mgongoni, na alikuwa ametimiza siku kumi na mbili.

Kila asubuhi tulimhamisha kwa beseni lililojaa maji, tukatazama uvimbe wa koo lake kutoka pembeni, tukamrudisha. Hatukumtoa majini hata kidogo. Asubuhi ya siku hiyo ya kumi na mbili upepo ulipiga, beseni likayumba, na furu akaruka. Nilimdaka hewani. Nilifurahi kumdaka, na bado nikiwa ninafurahi, kidole gumba changu kikajua la kufanya. Kikabonyeza shavu.

Vifaranga vilimwagika ndani ya beseni.

Dada hakupiga kelele. Alisema tu, "Umefanya nini?" kwa sauti ndogo kabisa, na ingekuwa afadhali angenitukana.

Nilimwachilia mama ndani ya beseni. Alijibanza ukingoni, akihema. Vitoto vilitapakaa, kila kimoja macho mawili na kamkia. Niliweka ngumi yangu ndani ya maji nikitaka kuvikusanya kabla upepo haujatumwagia beseni lote. Kumbe havikukimbia. Vilikuja. Vilikuja vyote, kwa haraka ya watu wanaokimbia mvua, vikaelekea pale kidole gumba kinapokutana na cha shahada, penye kishimo cheusi, vikaanza kusukumana kuingia. Nilivihisi kwenye ngozi, kama mchele unaochemka. Mkono uleule uliovikamua, vilikuwa vinauomba uvifungulie.

"Usitikisike," dada alisema. Alikuwa amepiga magoti tayari, kalamu mkononi.

Mama akageuka. Akaja polepole, akainamisha kichwa, akafungua mdomo. Vile vya ukingoni viliingia kwanza, kisha vingine vikaniacha vikamfuata. Vichache havikuwahi. Koo likajaa tena.

Siku tatu baadaye, katika kizimba chake, aliwaachilia mwenyewe juu ya mchanga. Niliruka juu ya jiwe kwa shangwe. Dada alifungua daftari, akatafuta ukurasa wa yule mama, akaukata kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini.

"Mbona unamkata? Ameachilia! Si umeona?"

"Nimeona. Lakini nilitaka kujua anafanya nini peke yake. Mkono wako uliingia, siwezi kusema haukuingia."

"Nani atajua, dada?"

"Mimi. Na wewe umeshajua."

Nilimwambia pole. Akasema pole haisaidii, atarudi mwaka mwingine akipewa nafasi, na asipopewa, basi. Kisha akanitazama mkono.

"Walifuata joto lako, au lile giza?"

Hilo ndilo tulilolifanyia kazi siku hiyohiyo, iliyokuwa yake ya mwisho. Alichukua sahani nyeupe, nikachora doa kwa mkaa, la ukubwa wa mdomo wa furu, tukaizamisha kizimbani. Mama alikuwa mbali kidogo. Tulipopitisha kivuli cha kofia juu ya maji, vitoto vilishtuka, vikaikimbilia sahani, vikalisonga lile doa. Vilibonyeza pua zao kwenye mkaa, tena na tena. Viumbe wa siku kumi na tano, hakuna aliyewafundisha, na tayari walijua kwamba penye weusi ndipo penye mama.

Doa halikufunguka. Mama alikuja kinyumenyume, akageuka, akashusha kichwa kando ya sahani, akapanua mdomo. Vyote viligeuka kwa pamoja.

"Hesabu," dada aliniambia, akiandika bila kuinua macho.

Nilijaribu. Vilikuwa vimeshaingia.