Mashine Isiyoombeka

Makelesi Naulumatua alikuwa na miaka hamsini na miwili alipoamua kununua mashine mpya ya gemu, na mtaa wetu wote wa Waiyavi ulikuwa na la kusema. Umri haukuwa hoja. Sote tulijua kwamba mwanamke huyu, anayeuza maandazi ya tui na pai za nanasi katika soko la Lautoka, hapa Fiji, huendesha magari ya mashindano kwenye televisheni kwa ukali ambao hatukuwahi kuuona kwake mahali pengine popote. Watu waliulizana jambo moja tu: mashine hiyo itakaa kwake muda gani?

Kwetu kuna neno, kerekere. Ndugu anakuja, anakaa mkekani, anakunywa chai, anauliza habari za watoto, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Kerekere, ile redio yako." Basi, redio imekwenda. Kukataa kunawezekana, kama vile kutembea uchi sokoni kunavyowezekana. Lakini wewe nawe siku yako itafika, utakaa kwenye mkeka wa mwenzako na kushusha sauti. Bati la nyumba ya Makelesi lilipatikana kwa njia hiyo baada ya kimbunga, na jiko lake la kuokea pia. Nimeishi jirani naye miaka mingi, na bado sijui ni kitu gani ndani ya nyumba ile alichokinunua yeye mwenyewe.

Mashine aliitaka kwa ajili ya mdogo wake, Ilisapeci, anayefanya kazi ya kutunza wazee huko Mildura, Australia. Kila Jumapili baada ya ibada, kila mmoja akiwa kwake, walishindana magari huku wakisikilizana. Ilikuwa katikati ya kona kali ndipo Ilisapeci alipomwambia dada yake kwamba mumewe ameondoka. Ilikuwa kwenye mteremko ndipo Makelesi alipomwambia kuhusu uvimbe ambao baadaye, kwa bahati, haukuwa kitu. Wasipoendesha, waliongea kwa simu kama wageni: mvua, bei ya muhogo, mchungaji mpya. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Kuna watu ambao hawawezi kuambiana ukweli wakitazamana, na labda wengi wetu tumo humo.

Kisha likatoka toleo jipya la gemu lile. Ilisapeci akanunua konsoli mpya, yaani lile boksi linalochomekwa kwenye televisheni. Konsoli ya zamani ya Makelesi haikuweza kuendesha toleo hilo, na kabla hata haijapoa, binamu yake Taniela akaja kuiomba. Jumapili zikawa za mvua na bei ya muhogo.

Nilikwenda naye dukani kwa Praveen, fundi wa kompyuta nyuma ya soko.

"Mama Makelesi, nikwambie ukweli au nikuuzie?" Praveen aliuliza.

"Anza na ukweli. Kuuza hutasahau."

"Konsoli mpya ni dola elfu moja na mia tatu. Kwa pesa hiyo mimi siwezi kukuundia kompyuta inayoifikia, hata nikilala njaa. Wale wenye konsoli hawategemei faida ya boksi. Wanaitegemea kwenye gemu utakazonunua mpaka uzeeke. Mimi kadi ya picha, kile kipande kinachochora picha za gemu, peke yake inanimaliza, bado ushuru, bado memori. Kompyuta ya kulingana nayo ni mara mbili ya bei."

"Na ya nusu ya bei ya konsoli?"

"Itaendesha gemu hilo, na utacheza na dada yako ingawa mashine hazifanani. Tena konsoli ina ada ya kila mwezi ukitaka kucheza na mtu wa mbali. Kompyuta haina, na gemu zake huuzwa rahisi. Lakini usije ukanilaumu. Konsoli inakupa picha sitini kila sekunde, gari linateleza kama samli. Hii itakupa thelathini, tena tukipunguza miti na kuondoa bahari."

"Bahari ya nini? Mimi naangalia barabara." Makelesi aliegemea kaunta. "Hiyo konsoli ina uzito gani?"

Praveen alinitazama mimi, kana kwamba nimtafsirie. "Kilo nne hivi."

"Inaingia kwenye mfuko wa shule?"

"Inaingia vizuri tu."

"Basi hainifai."

Praveen alicheka mpaka akavua miwani. Yeye ni mtoto wa Lautoka, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Aliunda kompyuta ndani ya kasha la chuma lililotoka katika ofisi iliyofungwa, zito kama jeneza, na ndani yake akaweka kadi ya picha iliyokwishatumika, yenye feni mbili. Makelesi akataka kasha lifungwe kwa nati kwenye meza, na nyaya zipitishwe ukutani. Siku ya kwanza miti ya Ilisapeci ilikuwa miti, ya Makelesi ilikuwa mafagio. Gari lake lilikwenda kwa kushtukashtuka. Akashinda hivyo hivyo.

"Mashine yako ya dola ngapi vile?" alimuuliza mdogo wake. Kicheko cha Ilisapeci kilifika mpaka barabarani.

Jumapili zilirudi. Wakati huo miwa ilikuwa ikisagwa kiwandani na majivu meusi yalikuwa yakiangukia nguo zetu kwenye kamba, lakini hata mimi, ambaye msimu ule hunitia simanzi, nilianza kusubiri kelele za nyumba ya jirani.

Kisha Taniela akaja, na magimbi chini ya kwapa.

Taniela ni mtoto wa shangazi yake Makelesi, fundi umeme katika mji wa Ba. Mabinamu wa namna hiyo kwetu ni watani tangu kuzaliwa, hawana adabu hata msibani.

"Binamu, umenunua friji?" alisema akilizunguka kasha.

"Friji ya kugandishia mdomo wako. Kaa chini."

Hakukaa. Alilishika kasha, akajaribu kulinyanyua. Meza nzima ikanyanyuka. Akainama kutazama chini.

"Umelifunga kwa nati?"

"Ni kwa ajili ya upepo."

"Upepo huo jina lake Taniela?"

"Mimi sijakutaja. Umejitaja."

Walicheka wote wawili, na Makelesi akamimina chai akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Taniela alikunywa taratibu. Aliuliza habari za watoto. Aliuliza hata habari za mama yangu. Hapo ndipo nilipoona Makelesi anaacha kukata pai.

"Kerekere, binamu," Taniela alisema, sauti imeshuka. "Kazini wamenipa kompyuta. Nzuri, mpya mpya. Ina kila kitu isipokuwa kadi ya picha. Kile kisahani chako chenye feni mbili."

Makelesi akaweka kisu chini. Yeye aliyetafuta mashine isiyoombeka alikuwa amenunua ile ya pekee inayoweza kuombwa kwa vipande.

"Konsoli huombwa mara moja," Makelesi alisema mwishowe, akiwa kama anajisemea mwenyewe. "Hii ataomba kadi leo, memori Krismasi, na feni za kasha Pasaka."

"Feni za kasha sizitaki, binamu. Zina vumbi."

Makelesi alikifungua kisahani mwenyewe kwa bisibisi, akakipangusa kwa ncha ya sulu, kile kitambaa alichojifunga kiunoni, akampa kwa mikono miwili. Taniela alipiga makofi ya shukrani kama inavyopasa. Alipoondoka nilimuuliza Makelesi kwa nini hakusema tu kwamba ameshakiahidi kwa mtu mwingine. Watu husema hivyo.

"Bati hili la juu ni lake," alinijibu. "Nimkatalie nikiwa chini yake?"

Bila kadi, kompyuta ile ilifaa kuandikia barua za kanisa tu. Alipomwambia Ilisapeci kwa simu, mdogo wake alisema si kitu, kisha wakaongea kuhusu mvua. Nilimwona baada ya hapo akikaa kwenye ngazi, mikono imelegea mapajani kama ya mtu aliyesahau kazi yake.

Praveen naye alimfuata hadi kwenye meza yake sokoni. "Sasa nikuletee konsoli?"

"Ukiniletea Ijumaa, Jumamosi itakuwa Nadi kwa ndugu mwingine."

Lakini Jumamosi hiyo aliacha pai moja bila kuiuza, kubwa kuliko zote, na Jumapili baada ya ibada akaniambia nivae viatu, tunakwenda Ba.

Taniela alikuwa mlangoni. Aliiona pai kabla hajatuona sisi.

"Binamu, hiyo pai inanuka ombi."

"Inanuka nanasi. Tupishe."

Tulikaa mkekani pamoja na mkewe Vaciseva na binti zao wawili wakubwa. Tukanywa chai. Makelesi akauliza habari za kila mtu aliyemo, kisha za majirani, na kila alipouliza Taniela alizidi kuinama. Mwishowe akashusha sauti.

"Kerekere, Taniela. Nipe Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Zote. Saa nane mpaka saa kumi. Kiti kile, mashine ile, na kimya."

Taniela alimgeukia mkewe. Vaciseva alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtikisika.

"Usiniangalie mimi," alisema. "Uliomba feni, umeombwa siku."

Kulikuwa na la kufanya? Taniela alipiga makofi, akainuka, akampangusia kiti.

Kompyuta yake kweli ilikuwa mpya, na kadi ile ile, katika mwili wenye nguvu, ilitoa picha karibu mara mbili ya zile za kwanza. Makelesi alishika usukani wa plastiki, akakodoa macho. "Jamani! Kumbe barabara hii iko ufukweni!" Sote tulikaa nyuma yake mkekani, tumeapishwa kutotoa sauti.

Ilisapeci akaingia mchezoni. Sauti yake ilijaa chumbani. "Dada? Umepata wapi mashine?"

"Endesha wewe."

Waliendesha. Mzunguko wa kwanza Ilisapeci alikuwa mbele. Wa pili walikuwa sambamba, na hatukuthubutu hata kukohoa. Wakaingia kwenye ile kona ndefu inayozunguka ghuba, na hapo nikamsikia Ilisapeci akivuta pumzi.

"Makelesi. Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Dereva wa basi. Ananiletea machungwa. Jana ameniuliza kama ninaweza kuolewa tena, nami bado sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza."

Makelesi hakugeuka. Binti mmoja alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Taniela alivumilia, ninamtolea ushahidi, alivumilia mpaka mwisho wa kona.

"Hilo basi ni lake au la kampuni?"

Gari la Ilisapeci likapunguza mwendo.

"Makelesi," Ilisapeci alisema polepole, "wewe uko nyumbani kwa nani?"

Nyumba ikalipuka. Vaciseva alipiga vigelegele, binti zake wakaruka, Taniela akamwita shemeji yake mpya kwa majina aliyoyabuni papo hapo, na kule ng'ambo Ilisapeci alikuwa akicheka na kulia na kututukana sote kwa pamoja. Gari la Makelesi lilivunja ukingo wa barabara likaenda moja kwa moja baharini, na la mdogo wake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiliongoza, likalifuata.